Kuonja Kiko cha Mayu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Zipora kilikuwa unyoya. Siku aliyoletwa kwetu Samuye alikuwa amejitanda kaniki mpya, kichwa amekiinamisha kama bibi arusi yeyote, na watu walikuwa wakitazama shanga zake na miguu yake iliyopakwa samli. Mimi niliona unyoya wa ndege kanga umechomekwa kwenye pindo la kaniki karibu na bega, mrefu, wenye madoa meupe, ncha yake imekatwa kwa kisu. Nilijiuliza kama ni dawa au ni pambo. Siku ya tatu nikajua kuwa ni wa kusafishia kiko.

Zipora alilelewa na bibi yake, na huyo bibi alikuwa mvutaji. Mama mkwe wetu pia alikuwa mvutaji. Jina lake lilikuwa Nyamizi, lakini sisi wake wa wanawe hatukulitaja. Tulimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa na wana wawili, Jilala na mdogo wake Pantaleo. Mimi nilikuwa mke wa Pantaleo, nimeingia miaka miwili mapema kuliko Zipora ingawa yeye ndiye aliyeolewa na mkubwa. Waume zetu wote wawili walikuwa Geita wakiponda mawe ya dhahabu, na nyumbani tulibaki wanawake watatu, ng'ombe, na kiko.

Kichwa cha kiko kile kilikuwa cha udongo mweusi uliochomwa. Mrija wake ulikuwa wa mti uliotobolewa kwa waya wa moto, mrefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, hata Mayu akiketi kwenye kigoda chake aliweza kukilaza kichwa chini akavuta bila kuinama. Kukitunza ilikuwa kazi ya wakwe. Asubuhi, kiko kikiwa kimepoa kabisa, unatenganisha kichwa na mrija. Ukikitenganisha kikiwa na moto, udongo unapasuka shingoni. Kichwa unakikwangua kwa ncha ya kisu, lakini humalizi. Unaacha ganda jembamba la masizi, kwa sababu udongo mtupu unaunguza tumbaku na ulimi pia. Mrija hautiwi maji. Maji yanauvimbisha mti, halafu jua linaupasua. Unapitisha bua kavu la nyasi, unalivuta upande wa pili, unalifuta kwenye jani, unarudia mpaka bua litoke jinsi lilivyoingia. Kinachotoka ndani ni kitu cheusi, kizito, kinachonata kama asali iliyoungua. Tulikiita nyongo ya kiko.

Nyongo haikutupwa. Tuliifuta kwenye kigae tulichokiweka chini ya paa la kihenge cha mtama, na kila mwezi jirani yetu Mbuke alikuja kuichukua. Aliwapaka mbuzi wake masikioni, na kupe waliachia palepale. Mbuke alipenda kusimulia kuwa siku moja alimtia nyoka tone moja mdomoni kwa kijiti, na nyoka akajinyoosha kama kamba ya kufungia ndama.

Baada ya kusafisha kulikuwa na kuonja. Mayu aliketi kwenye kigoda, akakupa mrija peke yake bila kichwa, nawe ukavuta kwa nguvu mara tatu mbele yake. Ukipata hewa tupu, alisema "Haya," na ukamjazia tumbaku. Ukipata nyongo, uso ulikusaliti hata ukijikaza, na yeye alikuwa hatazami mahali pengine.

"Meza," alisema.

Kutema mbele yake ilikuwa kumtemea yeye. Aliyetema alivuta tena.

"Mtu anayesafisha kiko changu vibaya anataka nimeze mimi," alisema. "Basi atangulie yeye."

Kabla Zipora hajaja nilimeza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimemeza moto. Mate yalinijaa, jasho baridi likanitoka, moyo ukapiga kama wa kuku aliyeshikwa miguu, na nilikaa nyuma ya zizi mpaka jua la alasiri nikitapika maji ya njano. Mara ya pili na ya tatu zilikuwa hivyohivyo, ila nilikuwa nimejifunza kwenda nyuma ya zizi bila kulia. Mayu alimwambia Mbuke, "Huyu wa Pantaleo hana mkono, lakini angalau hana kelele."

Ni kweli sikuwa na kelele. Tangu utoto maneno yalinigandia kooni. Misheni nilisoma mpaka darasa la pili, na mwalimu aliniandika kuwa nimejibu hata siku ambazo sikujibu, kwa sababu alikuwa amechoka kunisubiri.

Zipora alipofika, Mayu alisema tupokezane. "Siku moja huyu, siku moja yule. Nataka kujua nani mkono wake mzuri."

Zipora hakutumia bua. Alipitisha unyoya wake polepole, akiuzungusha kati ya vidole viwili, na zile nywele za unyoya zilikomba kila kitu kilichoganda pembeni. Kazi iliyonichukua mimi asubuhi nzima yeye aliimaliza wakati uji unachemka. Alionja mara tatu, akatabasamu, na Mayu akavuta kiko, akavuta tena.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi, mayu."

"Bibi yako alikuwa mtu."

Sikuwahi kumsikia Mayu akimsifu mtu aliye hai, na hata huyo aliyemsifu alikuwa ameshakufa. Zipora alinipa unyoya mwingine. "Zungusha hivi, dada Melania, usisukume." Niliupokea nikauchomeka kwenye paa, wala sikuutumia. Niliona haya kufundishwa na mtu aliyekuja juzi.

Mtama ulipoanza kubadilika rangi alikuja Sabiti, mwuza tumbaku kutoka Masumbwe, na punda wake na kofia yake iliyokuwa nyeupe zamani. Alibisha kwenye ua wa minyaa kama alivyozoea.

"Hodi kwa mama wa moshi. Mvua imekatika lakini wingu lako bado naliona toka bondeni."

"Ingia, mwongo," alisema Mayu. "Tumbaku ya safari iliyopita ilikuwa majani ya mlenda."

"Na uliivuta ikaisha. Ningekuletea mlenda wenyewe ungenipiga?"

Alikuwa na barua, ameifunga ndani ya jani la tumbaku. Ilitoka Geita. Katika mji wetu wa wanawake watatu mimi tu ndiye niliyejua kusoma, kwa hiyo nilipiga magoti nikasoma, na kwa barua sauti yangu ilitoka, kwa sababu maneno hayakuwa yangu.

Pantaleo aliandika kwa ajili ya wote wawili. Walikuwa wazima. Kazi ni ngumu na chakula ni kibaya. Wamejenga kibanda Kalangalala, na wanaomba mavuno yakiisha mama awapelekee mwanamke mmoja wa kuwapikia. Lori la Abdu litampakia likipita. Aje mmoja tu, kwa sababu kibanda hakitoshi wawili na mama hawezi kuachwa peke yake. Mama achague mwenyewe.

"Soma tena hapo pa mmoja," alisema Mayu.

Nikasoma tena.

Alikung'uta kiko kwenye jiwe. "Nitampeleka anayejua kutunza kitu cha mtu. Wanangu hawahitaji mwanamke wa kuwavunjia vyungu." Alimtazama Zipora, kisha akanitazama mimi, akacheka kidogo na Sabiti akacheka naye kwa adabu ya mfanyabiashara.

Nilitaka kwenda Geita kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa zaidi ya miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimelala na mume wangu siku ambazo ningeweza kuzitaja moja moja. Sikuwa na mtoto. Kisimani wanawake waliniuliza kama nafuga tumbo kwa ajili ya mwakani. Mayu alikuwa amekwisha kumwambia baba yangu mdogo mbele yangu, kama anazungumzia kuku asiyetaga, kuwa mvua nyingine ikinyesha bila kitu atanirudisha kama nilivyokuja. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wamekwisha kumwolea kaka yangu mke. Nikirudishwa, na yule mke angerudishwa, akiwa na watoto wake. Kaka yangu angenitazama kila siku ya maisha yangu. Kwa hiyo kwangu Geita haikuwa safari. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu ya kubaki mke wa mtu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunasaga uwele, mimi na Zipora, kila mtu kwenye jiwe lake. Aliacha kusaga akaegemea ukuta.

"Dada, nina kitu tumboni."

Nilidhani anaumwa. Kisha nikamwona uso, nikaelewa. Jilala alikuwa amekuja siku nne msimu wa palizi, kumzika mjomba wao. Pantaleo hakupata ruhusa.

"Mwezi wa tatu sasa," alisema. "Usimwambie Mayu. Akijua hataniachia. Amesema mjukuu wa kwanza kitovu chake kitazikwa zizini kwake. Mimi nataka kuzaa Jilala akiwa mlangoni. Nikishafika Geita, atanirudishaje?"

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu ningepasuka. Na wewe huna maneno."

Alicheka, akarudi kusaga. Hakusema kwa ubaya.

Tangu siku ile nilijua jambo ambalo lingenipeleka Geita. Ilitosha Mayu alijue. Zipora angebaki, angepewa maziwa ya ng'ombe mweupe na angekatazwa kubeba mtungi, na mimi ningepanda lori. Hakuna ambaye angeumia. Lakini kwetu mwanamke asiyezaa hataji tumbo la mwenzake. Akilitaja amelinyooshea kidole, na likiharibika, hata miezi sita baadaye, watu wanajua pa kwenda kuuliza. Nilikuwa nimeona mwanamke wa mji wa pili akifukuzwa kwa mawe kwa sababu ya sentensi moja kama hiyo.

Hata hivyo nilijaribu. Asubuhi moja nilipiga magoti mbele ya kigoda kumwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

Sikuinuka. Nilifungua mdomo. Aliningoja, moshi ukimtoka puani.

"Una nini? Umemeza chura?"

"Hapana, mayu."

"Basi nenda, au mteme."

Kesho yake nikajaribu tena, na safari hii sikufika hata kwenye magoti. Wakati huo Zipora alikuwa akionja mrija siku zake na kupata hewa tupu kila mara, na mimi siku zangu nilikuwa nikipona kwa bahati. Mtama ukakatwa, ukapurwa, ukaingia kihengeni. Mayu akasema mbele ya Mbuke, "Wa Jilala ndiye atakwenda. Mkono wake naujua sasa. Abdu anapita keshokutwa."

Mbuke akasema, "Na huyu?"

"Huyu nitakaa naye mpaka mvua. Kisha tutaona."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Zipora. Jua lilikuwa limekwisha panda. Alisafisha kiko kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa kuwa aliona kama anaaga. Akaupaka mrija samli kwa nje, akaulaza kwenye ungo kivulini mwa kihenge upate hewa, akachukua mtungi akaenda kisimani. Mayu alikuwa zizini akimtazama ndama mgonjwa.

Nilichukua kigae. Kilikuwa na nyongo ya mwezi mzima, na joto la paa lilikuwa limeilainisha. Nikachukua bua. Niliisukuma ndani ya mrija kwa upande wa mdomo, na kila iliposimama niliisukuma mbele zaidi, isionekane mtu akichungulia. Kisha nikaufuta mdomo wa mrija kwa kaniki yangu na kuulaza kwenye ungo vilevile ulivyokuwa umelala. Mikono yangu ilinuka. Niliisugua kwa samadi mbichi, nikaenda kufagia uwanja.

Nilijiambia kuwa atatapika tu. Mimi nilitapika mara tatu na nilikuwa hai. Mayu atakasirika, atasema mkono wake si mzuri kama alivyodhani, na mimi nitapanda lori. Hayo niliyafikiri huku nafagia. Lile jambo alilonieleza Zipora jiweni pia nililifikiri, na niliendelea kufagia.

Mbuke alikuja kuchukua nyongo yake siku hiyo hiyo. Aliketi chini karibu na kigoda cha Mayu wakipiga soga juu ya ndama. Zipora alirudi, akashusha mtungi, akanawa mikono. Alileta mrija kwa mikono miwili, akapiga magoti.

"Onja tuone," alisema Mayu. "Mara ya mwisho hii. Huko Geita nani atakuonjesha?"

"Waume wa Geita wataonjwa wao," alisema Mbuke, wakacheka wote watatu. Zipora alikuwa bado anacheka alipoweka mrija mdomoni na kuvuta kwa nguvu zake zote, kama mtu asiyekuwa na shaka na kazi yake.

Kicheko kilikatika. Alitoa macho. Kitu cheusi kilionekana kwenye kona ya midomo.

Mayu alikuwa mwepesi kuona. Aliinama mbele. "Kuna nini?"

Zipora alitikisa kichwa, mashavu yamejaa.

"Meza."

Alimeza. Niliona koo lake likipanda na kushuka. "Mayu, nimeusafisha," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimeusafisha mwenyewe, unyoya ulitoka safi."

"Unasema mimi ndiye niliyetia?"

"Hapana, mayu."

"Kesho unaondoka, kwa hiyo leo umeona kiko cha bibi kizee hakina kazi. Si ndiyo? Bibi arusi wa unyoya. Vuta ya pili."

"Mayu, naomba nikausafishe tena."

"Usafishe kwa mdomo. Vuta."

Mbuke bado alikuwa na tabasamu, akidhani ni mchezo uleule wa siku zote. Zipora alivuta. Safari hii alijaribu kuvuta kidogo, lakini Mayu alimshika kisogo na kumwambia ni sauti ya hewa anayotaka kuisikia. Ilisikika sauti ya kitu kizito kikipita mahali pembamba. Machozi yalimtoka Zipora bila kulia. Alimeza, akajishika tumbo kwa mkono wa kushoto, chini kabisa, si mahali ambapo mtu anajishika akitaka kutapika.

"Ya tatu," alisema Mayu.

Mbuke aliacha kutabasamu. "Nyamizi, inatosha."

"Kiko ni cha nani?"

Zipora aliweka mrija mdomoni. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimeshika kaa la moto kwenye kigae kingine, tayari kwa kuwashia tumbaku. Alinitazama moja kwa moja, muda mrefu, na nilijua anachokitaka. Yeye mwenyewe asingeweza kusema, kwa sababu akisema hiyo Geita imekwisha. Na mdomo wake ulikuwa umejaa. Nililitazama kaa. Lilikuwa linafanya majivu pembeni.

Akavuta ya tatu.

Aliinuka, akatembea kama hatua sita kuelekea zizini, akaanguka kwa magoti na kutapika vitu vyeusi. Kisha akalala ubavu. Mbuke alimwendea, akamwinua kwa makwapa, akamwingiza nyumbani. Mayu aliuokota mrija, akauchungulia kuelekea juani.

"Melania. Safisha wewe. Leo mkono wako mzuri."

Nilisafisha. Nyumbani Zipora alikuwa akiguna, kwanza kama mtu anayebeba mzigo, halafu kwa sauti nyingine. Nilipitisha bua, nikafuta, nikapitisha tena, mpaka likatoka jinsi lilivyoingia. Nilionja mara tatu. Ilikuwa hewa tupu.

"Haya," alisema Mayu.

Nilimjazia tumbaku nikamwashia. Alikuwa amevuta nusu ya kiko Mbuke alipotoka, mikono yake imelowa mpaka viwikoni, akaomba maji.

"Lilikuwa tumbo," alisema.

"Tumbo la nani?"

"La mke wa mwanao. Limetoka."

Mayu alivuta. Moshi ulimtoka puani kama kawaida. Kisha aliinuka akaenda mlangoni, wala hakuingia.

"Ungesema ningekupa maziwa," alisema kuelekea gizani ndani. "Unanificha mjukuu wangu mwenyewe? Umefunga mdomo mpaka umemla mwanao. Sasa kaa hapa. Utakaa hapa mpaka unirudishie."

Mbuke alinawa. Alikwenda chini ya paa la kihenge kuchukua kigae alichokijia, akakitazama, akakigeuza upande wa pili. Kulikuwa na doa tu. Alinitazama mimi, na mikono yangu, na kaniki yangu ambayo ilikuwa na alama nyeusi pindoni ambayo sikuwa nimeiona. Akakirudisha kigae mahali pake.

"Mbuzi wangu watasubiri," alisema, akaenda kwake.

Kesho yake nilipanda lori la Abdu pamoja na magunia ya mtama. Mayu alinisindikiza mpaka kwenye ua. Alisema, "Wewe angalau hujawahi kunificha kitu." Zipora alikuwa amelala, na sikuingia kumuaga. Nilisema lori halingojei.

Kalangalala waume wawili walikuwa wamesimama kando ya barabara, vumbi la mawe limewapaka kope nyeupe. Jilala alitazama nyuma yangu, juu ya magunia, kama mtu anayetafuta mzigo uliosahauliwa.

"Mbona wewe?"

"Zipora anaumwa tumbo."

Baadaye Sabiti, alipopita Geita, alimweleza Jilala mengine. Jilala alinijia nikiwa nachambua maharage, akachuchumaa. "Mlikuwa mnasaga pamoja, mnateka maji pamoja. Hukujua kama ana mimba?"

"Sikujua," nilisema.

Alikubali. Hakuna aliyewahi kunidhania kuwa najua kitu. Mwaka uliofuata alichukua mwanamke wa Kizinza kutoka ufukweni, mcheshi, akamjengea kibanda cha pili. Mimi nilipata mtoto wa kiume. Pantaleo alifurahi mpaka akanywa siku mbili.

Mtoto alipoanza kukaa nilirudi Samuye kumwonyesha Mayu. Alimpakata, akampulizia moshi utosini kumbariki, akaniita mama wa mjukuu wake. Hakuwa amewahi kuniita mama. Zipora ndiye aliyeleta mrija asubuhi. Sabiti alikuwa amekwisha kuniambia, akicheka, kuwa kiko cha mama mkwe wangu sasa ni kisafi kuliko viko vyote toka Masumbwe mpaka Shinyanga, lakini sikujua maana yake mpaka nilipoona. Zamu haikuwapo tena. Zipora alionja kila siku. Hata alipopata hewa tupu Mayu alimwambia avute tena, na tena, mpaka kitu kipatikane, kwa sababu kwenye mrija wa mti daima kuna kitu ukivuta sana. Meno yake ya mbele yalikuwa ya rangi ya kahawia. Alimeza bila kuambiwa.

Alasiri tulikwenda kisimani wawili, mtoto mgongoni kwangu. Zipora alimshika kidole cha mguu.

"Ana miguu ya Pantaleo."

"Ndiyo."

Alijaza mtungi wake. Alikuwa mtu asiye na haraka sasa.

"Siku ile nilikutazama," alisema.

"Nilikuona."

"Nilidhani utasema. Mimi nisingeweza, mdomo wangu ulikuwa umejaa. Lakini wewe ulikuwa huna kitu mdomoni."

Nilifunga mbeleko vizuri zaidi, ingawa ilikuwa imefungwa. Alinisubiri kidogo. Kisha akajitwika mtungi akatangulia, na mimi nikamfuata mpaka nyumbani.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Kati ya mvuto wa pili na wa tatu kaa lilifanya ganda zima la majivu. Neno lenyewe si refu, hata mimi ningeliweza: Mayu, mwache asivute, Zipora ana mimba, na nyongo nimeitia mimi.